Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Jumamosi ile ukumbi wa chini wa jengo la maduka ulikuwa umejaa watu kama njiti ndani ya kiberiti. Wauza simu walishindana kufungulia muziki, wauza mikoba walishindana kuita wateja, na katikati yao, chini ya ngazi, mahali ambapo mtu mwingine asingepata hata nafasi ya kuegesha baiskeli, palikuwa na meza ya fundi wa vitabu.

Kila mtu alimwita Jalada. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na sita, mrefu, mabega yameinama kwa sababu ya kazi, aproni yake ya turubai imekakamaa kwa gundi. Alitengeneza vitabu vilivyochakaa na kuazimisha riwaya, na kwenye riwaya alikuwa na utaratibu wake. Kitabu kinachogombewa alikikata vipande vitatu, akashona kila kipande peke yake na kukitia jalada la boksi. Hivyo watu watatu walisoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, wakifuatana kama watu wanaopanda ngazi, na aliyemaliza chake ilimbidi amngoje wa mbele yake.

Ndiyo maana siku ile mama mmoja mnene alikuwa anapiga meza kwa kiganja.

"Mwezi mzima, Jalada! Nani huyo amekalia kipande cha tatu kama kuku anayeatamia?"

"Vumilia, shangazi. Labda anasoma polepole."

"Basi mwambie vifaranga vimeshatoka!"

Nyuma ya mama huyo alisimama mwanamke mwembamba mwenye gauni la samawati lililofungwa vifungo mpaka shingoni na kitambaa cheupe kichwani. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imesinyaa kwa maji, kwa kuwa alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka mia tatu kwa siku. Wenzake kazini walimwita Mwanafunzi. Alianza masomo ya jioni akiwa na miaka thelathini na minane, na sasa, miaka mitatu baadaye, alisoma kila kitu kilichopita mbele ya macho yake: mabango, pakiti za sabuni, hata karatasi za kufungia sukari. Kifuani alikumbatia kitabu chake cha sala.

"Karibu, bibie," Jalada alisema zamu yake ilipofika. "Mgonjwa wetu anaumwa wapi?"

"Mgongo. Umekatika."

"Umemwangusha?"

"Nimemsoma," alijibu, na hakuweza kuficha fahari yake.

Jalada aliinua macho juu ya miwani na kumtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Basi huyu ameugua kwa heshima. Niachie namba yako ya simu, uzunguke saa moja hivi, utamkuta amepona."

Aliporudi, mama mnene alikuwa bado anagomba, na wateja wengine watatu wamemzunguka fundi kwa maneno. Jalada alimpa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti bila hata kukitazama. Naye akakichukua bila kukifungua.

Alikifungua kesho yake alfajiri, alipopiga magoti kando ya kitanda chake. Jalada lilikuwa la boksi la kahawia, halina jina. Alidhani fundi amebadilisha tu sura ya kitabu chake. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya mstari kama alivyofundishwa, akasoma kwa sauti ya sala: "Siku niliyoacha kumwita kaka ndiyo siku niliyoanza kumwogopa."

Alirudia sentensi ile mara tatu. Haikuwa sala. Lakini iliingia mahali pale pale ambapo sala huingia.

"Mungu nisamehe," alisema, akafungua ukurasa wa pili.

Ilikuwa hadithi ya binti aliyeletwa na mama yake kwenye nyumba ya mume mpya, na ndani ya nyumba ile mlikuwa na mtoto wa kiume wa yule mume. Watoto wa kufikia, kila mmoja na mzazi wake. Walikua wakiitana kaka na dada, wakatawanyika kwa masomo na kazi, wakakutana tena wakiwa watu wazima wa miaka thelathini kwenye msiba wa bibi yao. Hapo yakawapata yaliyowapata. Damu yao haikuwa moja, lakini meza waliyolia chakula ilikuwa moja, na ukoo mzima uliwatazama kama watu waliokojoa kisimani.

Simu iliita saa nne asubuhi.

"Bibie wa kitabu cha sala?"

"Ndiye."

"Hapa ni Jalada. Nimekukosea. Kitabu chako nimebaki nacho mimi."

"Najua."

"Kwa hiyo ulichonacho wewe..."

"Najua nilichonacho."

"Umekifungua?"

Angeweza kudanganya, lakini ilikuwa Jumapili. "Nipo ukurasa wa arobaini na moja."

Jalada alicheka mpaka akakohoa. "Haya. Unamwonea huruma yule binti?"

"Namwombea."

"Unamwombea? Bibie, yule hayupo. Ni wa kitabuni."

"Najua hayupo. Nimemwombea hivyo hivyo."

Upande wa pili wa simu kicheko kilikoma. Jalada alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu aliyevua viatu mlangoni. "Basi usikirudishe mpaka umalize. Kitabu chako cha sala nitakuletea mwenyewe kazini kwako. Niambie tu ni wapi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumanne Jalada alifika kwenye lango la nyuma la hospitali saa ya chakula cha mchana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Ijumaa akafika tena, eti kuuliza kama gundi imeshika. Wiki iliyofuata hakutafuta hata kisingizio. Walikaa kwenye benchi la zege karibu na kamba za kuanikia, mashuka yakipepea nyuma yao, wakabishana kuhusu watu wasiokuwepo duniani.

"Yule baba ni katili," Mwanafunzi alisema. "Mtu gani anamwambia mtoto wake, 'Ndani ya nyumba hii nina watoto wawili, sina bwana harusi wala bibi harusi'?"

"Baba anaogopa majirani."

"Na wewe ungewaogopa?"

"Mimi nakaa chini ya ngazi, mpenzi. Jirani zangu ni soli za viatu."

Mwanafunzi aliona kwamba ameitwa mpenzi, na Jalada naye aliona kwamba ameona. Wakatazama mashuka.

Mama Pacha, aliyekuwa anakunja naye mashuka kila siku, hakuachia nafasi hiyo. "Mwanafunzi, siku hizi mafuta unapaka mpaka visigino. Huyo fundi anakutengeneza jalada au kurasa za ndani?"

"Ushindwe na ulegee!"

"Nimeshalegea zamani, mimi mama wa pacha. Nakuuliza wewe."

Alicheka, lakini usiku na mchana moyo wake haukutulia. Hofu ilimkaa kama vile mtu aliyeacha pasi kwenye umeme na hakumbuki. Alikuwa mtu wa maombi, kiongozi wa kikundi cha kina mama, na ndani ya kikapu chake, chini ya taulo, alibeba kitabu ambacho asingethubutu kukiweka mezani. Zaidi ya hapo, kulikuwa na jambo la zamani.

Aliwahi kuolewa. Mume wake alikwenda kufanya kazi mbali, akawa anatuma barua, naye kwa kuwa hakujua kusoma alizipeleka kwa dada yake mkubwa. Dada alimsomea vizuri, kwa sauti tamu, kila barua, miaka mitano. "Anakusalimu sana. Anasema kazi ni ngumu. Anasema umvumilie." Siku alipojua herufi za kutosha, alizitoa barua zile kwenye sanduku na kuzisoma mwenyewe. Katika barua ya tatu, mstari wa nne, mume wake alikuwa ameandika kwamba ameoa huko aliko na asingojwe, na zilizofuata zilikumbusha hilo hilo.

"Nilikuonea huruma, mdogo wangu," dada alilia. "Nilikuwa naona uso wako, nikashindwa."

Miaka mitano alikuwa amemngojea mtu aliyemwambia asimngoje. Tangu siku hiyo aliapa hakuna tena mdomo wa mtu utakaosimama kati yake na karatasi.

Jalada aliyajua yote hayo. Mwanafunzi alimwambia mwenyewe, pale kwenye benchi, siku alipoletewa kipande cha pili.

Ilikuwa kwenye benchi hilo hilo, mwezi mmoja baadaye, Jalada aliposema bila kuzunguka, "Nataka kukuoa. Mke wangu amefariki mwaka wa saba huu. Nimezoea upweke, lakini tangu uanze kubishana na mimi sijautaka tena. Usinijibu leo."

Mikono ya Mwanafunzi ilipoa kama imetoka kwenye maji ya kusuuzia. Alitaka kusema ndiyo. Ndiyo ile ilifika mpaka kwenye meno ikarudi.

"Nitakujibu nikimaliza kitabu," alisema.

"Kitabu gani?"

"Hiki hiki."

"Roho yangu, kitabu na mimi vinahusiana wapi?"

"Vitabu vyangu vyote vya darasani majibu yapo nyuma. Hesabu, majibu nyuma. Sarufi, majibu nyuma. Nimemwomba Mungu anionyeshe. Nimemwambia, hawa wawili wakipata mahali pa kukaa kwa amani, basi na mimi nitajua kwamba mtu aliyewahi kuumia anaweza kuthubutu tena. Wakisambaratika, nitajua pia."

Jalada alianza kucheka, kisha kicheko kikakatika kama cha mtu aliyekanyaga msumari. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa ikiwa chafu vile vile.

"Kipande cha tatu kiko kwa mtu," alisema. "Nitakuletea kikirudi."

Kilichukua siku tisa kurudi. Siku tisa hizo Mwanafunzi alichoma mashuka mawili kwa pasi, akatia sabuni mara mbili kwenye mashine moja, na jioni darasani mwalimu alipomwita ubaoni aliandika tarehe ya kesho. Kipande kilipofika, Jalada alimkabidhi bila mzaha wowote. Alisema ana haraka. Akaondoka hata kabla maji aliyokaribishwa hajayanywa.

Mwanafunzi alikisoma kwa siku nne, ukurasa kwa ukurasa, kwenye mapumziko ya mchana, amejibanza kati ya marundo ya mashuka safi ambayo bado yalikuwa na joto la mashine. Mama wa yule binti aliugua kwa aibu. Ndugu walikata mguu. Yule kaka alifukuzwa kazi kwenye duka la baba yake. Kila ukurasa aliusoma kana kwamba ni yeye aliyesimama mlangoni akifukuzwa. Kisha, ukurasa wa mia mbili sabini na mbili, wale wawili walipanga chumba chenye dirisha moja, mji mwingine, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba waliwahi kuitana kaka na dada. Binti akafungua dirisha. Upepo ukaingia. Ikaja barua ya baba: njooni tuzungumze.

Basi. Baada ya hapo lilikuwa boksi la kahawia.

Alilia mpaka akajipangusa kwa foronya ya hospitali. Halafu akapiga simu.

"Jalada."

"Nipo."

"Nimemaliza."

Alimsikia akivuta pumzi. "Na?"

"Barua imekuja. Baba kawaita." Sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Ndiyo, Jalada. Ndiyo yangu ndiyo hiyo."

Alitarajia kelele, au mzaha. Badala yake Jalada alisema taratibu, "Ahsante, mpenzi," kama mtu aliyepewa kitu ambacho hana pa kukiweka.

Wiki mbili zile za uchumba zilikuwa na raha yake. Jalada alimpigia kila asubuhi. "Umeamkaje, laazizi?" "Nimeamka na kiuno." "Kiuno gani tena, na mimi sijafika?" "Koma! Kiuno cha mashuka!" Alimnunulia viatu vyeusi vyenye kamba ya kifundoni, na yeye akashona gauni la rangi ya maziwa kwa ajili ya siku ya kwenda kwa wazee. Hata hivyo alimwona Jalada anakonda. Alipomtazama sana, Jalada aligeuza uso na kutafuta kitu mezani. Mwanafunzi akajiambia ni wasiwasi wa kawaida wa mwanamume.

Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnavuta, mnasogeleana, mnapeana pembe, mnarudi nyuma. Alhamisi ile yeye na Mama Pacha walikuwa kwenye shuka la sitini hivi, na Mama Pacha anataka habari za harusi.

"Kwa hiyo mchumba anakulisha riwaya. Ipi hiyo?"

Mwanafunzi alimweleza: watoto wa kufikia, msiba wa bibi, chumba chenye dirisha.

"Hee! Hiyo naijua! Niliisoma kabla sijaolewa, nzima, siyo ya kukatwa kama mkate. Niliwachukia waandishi wote kwa ajili yake. Siku mbili sikula."

"Kwa nini usile? Si imeisha vizuri?"

"Vizuri wapi? Binti si alipanda basi akamwacha mwenzake kituoni?"

Walikuwa wamesogeleana, pembe mkononi, pua kwa pua. Mwanafunzi hakupokea pembe zile.

"Basi gani?"

"Lile basi la asubuhi. Mama yake anakufa bila kumsamehe, na yeye anajiona ndiye aliyemuua. Anamwambia mwenzake kwaheri, anamwita..." Mama Pacha aliutazama uso wa mwenzake, na maneno yakamwishia. "Mwanafunzi, hukufika huko?"

Aliliachia shuka. Alikwenda kwenye kikapu chake, akatoa kipande cha tatu, akakigeuza dirishani penye mwanga. Ukurasa wa mia mbili sabini na mbili. Akakipinda mgongo kama alivyoona fundi akifanya. Uzi wa kurasa zote ulikuwa wa zamani, umegeuka rangi ya chai. Kwenye fundo la mwisho, peke yake, uzi ulikuwa mpya, mweupe kama jino.

Alifika chini ya ngazi akiwa bado amevaa viatu vya mpira vya kazini. Watu walikuwa wamejaa kama kawaida. Jalada alimwona akija, na kabla hajasema kitu akaweka chini sindano.

"Ziko wapi?" Mwanafunzi aliuliza.

Hakujifanya hajui. "Kwenye droo."

"Ngapi?"

"Mkunjo mmoja. Kurasa kumi na sita."

"Ulizitoa lini?"

"Siku kipande kiliporudi. Ulikuwa umeniambia jibu liko nyuma."

Muuza simu wa jirani alipunguza muziki ili asikie vizuri.

"Nilikwambia habari za dada yangu," Mwanafunzi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko hasira yake. "Sikumwambia mtu mwingine. Nilikwambia wewe. Ukanisikiliza, ukanishika mkono, kisha ukaenda ukachukua kisu chako ukanikatia kitabu. Kila siku umeniita laazizi, na unajua ndiyo yangu nimeiweka juu ya hewa."

"Mpenzi, naomba..."

"Usinisomee! Usinisomee chochote!"

Akaondoka. Nyuma yake watu wakanong'ona, na mtu mmoja akasema, "Huyo fundi kamkosea nini, kampunja gundi?" na wengine wakacheka.

Simu iliita jioni hiyo mara nne, kesho yake mara tisa. Aliitazama ikitambaa juu ya meza kama mdudu aliyepinduka mgongo. Ijumaa hakwenda darasani. Alikwenda kwa dada yake mkubwa, akamkuta anapanga nguo, akasimama mlangoni.

"Dada. Ulipokuwa unauruka ule mstari, hukuwahi kutaka kuusoma?"

Dada alikaa kitandani. Walikuwa hawajalitaja jambo lile miaka miwili. "Kila mara. Kila barua ilipokuja nilisema leo nitamwambia. Halafu ukifika unakuwa umechana nywele, mdogo wangu. Ulikuwa unachana nywele ili uje kusomewa barua."

Alikaa kando ya dada yake, wakapanga nguo pamoja mpaka zikaisha.

Asubuhi ya Jumamosi alipiga magoti kama kawaida, lakini maneno hayakuja. Alibaki hapo, paji la uso kwenye ukingo wa kitanda. Mwishowe alisema, "Mungu wangu, nilikuomba ishara, nikakutajia na mahali pa kuiweka. Nisamehe kwa hilo." Akainua kichwa. "Yule naye alichukua kisu. Hilo sijui nilifanyeje."

Alivaa gauni la samawati, akaenda.

Jalada alikuwa amekaa mbele ya rundo la vitabu visivyoguswa. Ndevu zilikuwa zimemwota hovyo. Alisimama haraka mpaka stuli ikaanguka.

"Nimekuja kuchukua kurasa zangu," Mwanafunzi alisema.

Alifungua droo, akampa. Zilikuwa zimefungwa vizuri ndani ya karatasi safi, hazikukunjwa hata pembe. Mwanafunzi hakuondoka nazo. Alikaa kwenye ngazi ya tatu, juu kidogo ya kichwa cha fundi, watu wakipanda na kushuka kando yake na mifuko yao, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza.

Yeye hakuwa msomaji wa haraka. Kurasa kumi na sita zilimchukua zaidi ya saa nzima. Chini, Jalada alijaribu kufanya kazi. Alipaka gundi kwenye jalada upande wa nje. Alimrudishia mteja kitabu cha mtu mwingine. Kila karatasi ilipogeuzwa juu yake aliisikia, katikati ya muziki wote ule, na mikono yake ikasimama.

Mama wa yule binti alikufa uso ameuelekeza ukutani. Mazishini hakuna aliyempa binti mkono. Alirudi kwenye kile chumba chenye dirisha, akakunja nguo zake mbili, na asubuhi kituoni alimtazama mwanamume aliyempenda kuliko pumzi, akamwambia, "Kwaheri, kaka." Neno lile alilokuwa ameacha kulitumia. Basi likaondoka. Yule kaka alibaki amesimama mpaka vumbi likatulia, na ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe.

Mwanafunzi alilia bila sauti. Msichana aliyekuwa anashuka alisimama kumuuliza kama ana shida, naye akatikisa kichwa. Kisha akashuka zile ngazi tatu.

"Sasa umejua," Jalada alisema. Hakuthubutu kumtazama. "Kitabu nilikishona mimi. Ulipoweka jibu lako mle nilijua nimeshakukosa."

"Usiniambie ulinionea huruma. Neno hilo nimeshalichoka."

"Sikukuonea huruma." Alimeza mate. "Wewe ungesoma, ungelia, ungeendelea na maisha yako, wewe ni imara kuliko mimi. Nilijihurumia mwenyewe. Niliogopa nitarudi chumbani kwangu nikasikilize saa ya ukutani. Nikakata. Na tangu siku ile ndiyo yako kila nikiikumbuka naona kama nimeiba. Nilikuwa napiga simu asubuhi ili nikwambie, nikisikia sauti yako naanza mzaha."

Mwanafunzi alizifunga kurasa zile tena ndani ya karatasi yake. Dada yake aliwahi kulia, aliwahi kuapa, lakini hakuwahi kusema neno kama lile, niliogopa kwa ajili yangu.

"Nimesoma mpaka mstari wa mwisho," alisema. "Nimetafuta. Limo jibu la yule binti. Langu halimo."

"Halimo?"

"Halikuwamo hata kwenye ukurasa wa dirisha. Ile ndiyo niliyokupa naifuta, Jalada. Haikuwa yako. Ilikuwa ya wale."

Jalada aliinamisha kichwa. Alianza kuokota sindano zake, moja moja, akizipanga kwenye kopo kama mtu anayefunga duka. "Sawa," alisema. "Sawa, bibie."

"Mbona unafunga?"

"Si umefuta?"

"Nimefuta ile. Nyingine hujaiomba."

Kopo lilimtoka, sindano zikamwagika sakafuni. Muuza simu alizima muziki kabisa, na kwa mara ya kwanza mtu angeweza kusikia nyayo za watu kwenye ngazi. Jalada alivua miwani. Alitoka nyuma ya meza, ambako mteja hakuwahi kumwona akitoka, akasimama mbele yake, mikono imening'inia.

"Nimekukosea, na naweza nikakukosea tena kwa mambo mengine," alisema. "Kwa hili sitarudia. Utakubali niwe mume wako?"

Mwanafunzi alijisikiliza. Alikuwa amedhani kwamba siku ya jibu la kweli hofu itaondoka, kama homa inavyoshuka, ndipo atajua. Haikuondoka. Ilikuwa pale pale chini ya mbavu. Alingoja kidogo zaidi, Jalada naye akangoja, jasho likimteremka kwenye ndevu. Hofu haikwenda popote.

"Ndiyo," alisema, nayo ikiwa bado ipo.

Watu wakapiga makofi. Jalada aliushika mkono wa Mwanafunzi uliosinyaa kwa maji, akauweka kwenye paji la uso wake.

"Kesho saa nane twende kwa dada yangu," Mwanafunzi alimwambia kwa sauti ya chini. "Yeye ndiye mkubwa wangu, yeye ndiye utakayemwomba. Unyoe, tafadhali. Na sasa simama vizuri, watu wanatutazama."